Barua za Mjomba Clive

Jumanne, 16 Januari

Barua ya halmashauri imefika. Mama ameisoma akiwa bado na koti la kazini – anapika kwenye nyumba ya wazee – kisha akakaa, akaisoma tena. Punguzo letu limeondolewa. Kodi ya nyumba tunayoilipa halmashauri tulikuwa tunapunguziwa robo kwa sababu mtu mzima humu ni yeye peke yake. Mimi na miaka yangu kumi na sita sihesabiki. Sasa wanasema kuna mtu mzima wa pili tangu Oktoba. Clive Hargreaves. Kaka yake Mama. Wanadai tofauti yote, na maelezo kwa maandishi kufikia tarehe tano Februari.

“Haishi hapa,” Mama akaiambia barua. “Anaishi kwenye boti, na boti yenyewe haikai mahali pamoja.”

Ni kweli. Mjomba anaishi mferejini. Hana maegesho yake, na sheria ya mfereji inamtaka asogee kila siku kumi na nne. Mtu wa namna hiyo hana anwani. Kwa hiyo barua zake za benki, za leseni, za hospitali, zote zinakuja kwetu. Tunazichomeka nyuma ya tosta ya mkate hadi Jumapili nimpelekee.

Mama anasema Mjomba amejiandikisha hapa kimyakimya, bila hata kumuuliza. Nikasema labda.

Labda! Niliwezaje kulitamka neno hilo?

Alhamisi, 18 Januari

Naandika hapa kwa kuwa kwingine popote siwezi. Ni mimi.

Septemba ilikuja ile fomu ya kila mwaka ya orodha ya wapiga kura: taja kila aishiye hapa mwenye miaka kumi na sita na zaidi. Mama alikuwa amechoka. “Jaza wewe, Hazel. Wewe ndiye msomi.” Nikaandika jina lake. Nikaandika langu – nililitazama muda mrefu kidogo. Ikabaki nafasi. Wiki hiyo Bwana Ormerod alikuwa ametufundisha darasani kwamba raia asiye kwenye orodha ni kama hayupo. Nikamfikiria Mjomba. Miaka tisa hajapiga kura. Nikaona ni dhuluma, nikamwandika.

Wakamtumia fomu yake. Nikampelekea botini. Hakuisoma. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, herufi anaziona kama ukungu. Tena ni mimi niliyempa.

“Hapa, profesa?” akauliza, kalamu mkononi.

“Juu kidogo, Mjomba. Hapo.”

Sikujua kwamba watu wa kodi nao huisoma orodha hiyo. Kimbelembele changu.

Jumamosi, 20 Januari

Mama amempigia simu. Nilikuwa ngazini. Sauti ya Mjomba sikuisikia, lakini ya Mama ingesikika hadi mferejini.

“Umenifanya tapeli, Clive... Jina lako limeingiaje, lilitembea lenyewe?... Eti hukumbuki! Ulisaini nini, basi?... Tangu utotoni ni hivyo hivyo. Unavunja, nafagia mimi.”

Mjomba hakunitaja. Ningejua kama amenitaja.

Halafu Mama akazitoa barua zote nyuma ya tosta na kuandika juu ya kila moja kwa kalamu nyekundu: HAISHI HAPA. RUDISHENI. Saba. Ili halmashauri ione hatutanii. Nikaambiwa nizitumbukize nikienda maktaba. Moja ilikuwa na muhuri wa hospitali. Nilisimama mbele ya sanduku la posta mpaka mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama nimepotea. Ningeweza kuibakiza. Lakini Mama angeiona, angeuliza kwa nini, na mimi ningejibu nini?

Nilizitumbukiza zote saba.

Jumapili, 21 Januari

Sikwenda botini. Nimesema nina insha.

Jumatano, 31 Januari

Mjomba amempigia Mama. Mama alikata simu, akaendelea kumenya viazi. Baadaye akaniambia bila kugeuka. Ile barua ilikuwa tarehe ya upasuaji wa jicho la kwanza. Alitakiwa kuthibitisha. Ilipowarudia, hospitali wamemwondoa kwenye foleni. Daktari wake itabidi aanze upya kumwombea nafasi. Mjomba alikuwa amengoja miezi kumi na moja.

“Angekuwa mkweli, yasingemkuta,” Mama akasema. Lakini kiazi kile alikimenya hadi kikawa kama gololi.

Sikula.

Jumapili, 4 Februari

Nimekwenda. Boti imesogea hadi nyuma ya kiwanda cha zamani cha nyuzi. Mjomba alikuwa anamimina chai huku kidole kimeingizwa kikombeni, ajue imefika wapi. Nikamwambia yote pale mlangoni, hata viatu sijavua. Kuhusu fomu. Na kuhusu sanduku la posta.

Akaweka birika chini. Kisha akasema, “Nilijua kuhusu fomu. Mtu mwingine gani ananiletea karatasi?”

“Mbona hukumwambia Mama?”

“Mama yako Lorraine amenikasirikia miaka hamsini, mpwa wangu. Ana uzoefu. Kukukasirikia wewe hajazoea. Acha kama ilivyo.”

“Na macho?”

Akanisogezea kikombe, kikagonga ukingo wa meza, chai ikamwagika. Akaifuta sehemu ambayo haikumwagikia.

Saa kumi na moja jioni. Nimerudi. Mama ameandika maelezo ya halmashauri, kesho ndiyo mwisho. Amenipa nisahihishe, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Ukurasa mmoja. Sentensi ya tatu: “Kaka yangu alijiandikisha katika nyumba yangu kwa udanganyifu, bila mimi wala binti yangu kujua.” Chini amesaini. Kando ya saini yake amechora mstari na kuandika jina langu kwa penseli, niwe shahidi.

Nimeongeza koma mbili. Nimerekebisha tarehe.

Anauliza kutoka chini kama nimemaliza. Nimesema bado kidogo. Anasema nilete tu, bahasha iko tayari, kwani kuna kosa gani humo?

Nasikia anapanda.