Kamera ya Baba Imekubali

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko, na wifi yangu je, bado anavumilia kukoroma kwako? Sisi tu wazima. Mama anauliza kama unakula, nami nimemwambia mashavu yako yanajieleza yenyewe.

Nakuandikia upate kulala usingizi. Kompyuta uliyomwekea Baba pale studio yake ya picha si mbovu, na huo mfumo wako wa Linux uliomo ndani yake tuliusingizia bure. Najua tangu Baba alalamike kwamba umemfungia kazi kwa kompyuta isiyopokea picha za kamera yake, hamjapigiana simu. Ulimwomba picha yake ya kutundika sebuleni, akanyamaza, nawe ukaamini amekukatia tamaa.

Juzi nikasema liwalo na liwe. Kifuniko cha kadi ya kamera kiligoma kufunguka zamani, kwa hiyo njia ya kuhamishia picha kwenye kompyuta ni waya tu. Nikachomeka, nikafungua programu ya picha, ikanijibu kama ilivyomjibu Baba: kifaa kinatumika kwingine. Kinatumika na nani, wakati mle ndani nilikuwa mimi na kiti? Nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha, wapi! Baba akasema kutoka mlangoni kwamba hilo dude halipendi wazee.

Ndipo nikagundua kwamba kila nikichomeka, dirisha la mafaili linafunguka lenyewe na kuidaka kamera. Ulilitega wewe, Kaka, kwa kumhurumia Baba asihangaike! Programu ya picha ikija inakuta kamera imeshashikwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikabonyeza alama ya kuiachia kamera kwenye lile dirisha, waya nikauacha palepale, nikafungua programu tena. Picha zikamiminika! Nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio na nyundo mkononi. Kisha nikalizuia dirisha lisifunguke tena lenyewe, ugomvi usirudi.

Ajabu, Baba hakufurahi. Alinisihi nisifungue zile za mwisho, na mimi unanijua, nikazifungua. Zote ni yeye, ndani ya shati jeupe ulilomtumia, amejipiga picha mwenyewe. Moja haina paji la uso, nyingine ni ukungu mtupu, nyingine ni sikio tu. Akakiri kwamba alianza kujipiga siku ileile ulipomwomba, lakini mikono inamtetemeka siku hizi, na aliona haya mpiga picha mzima kumtumia mwanawe sikio. Kompyuta ilipogoma, moyoni alishukuru kupata wa kusingizia. Hajakukasirikia hata kidogo, Kaka. Nililia, kisha tukacheka wote wawili.

Nimempiga picha mimi, kwenye kiti cha wateja. Imo humu kwenye bahasha, pamoja na ile ya sikio. Amesema mwenyewe niiweke, uitundike hiyo kwanza, maana sikio hilo ndilo linalosubiri simu yako.

Mama anakusalimu, fundi viatu naye anakusalimu. Mbusu wifi kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku