Pumziko la Mtu Mmoja

Baba Neema,

Nimepoteza Jumapili. Niliipoteza mwaka jana katikati ya msimu wa alizeti, ulipofunga begi dogo ukasema unakwenda kambi ya maombi kule Kiteto kupumzika mbele za Bwana, wiki mbili tu, halafu utarudi. Hujarudi. Msimu mwingine umeingia, na magunia ya watu yamepangwa tena mpaka barabarani hapa Nangara.

Naandika waziwazi kwa sababu naambiwa simu zenu zilikusanywa siku ya kwanza, na kwamba kila barua husomwa na wazee wa kambi kabla ya kumfikia mwenyewe. Sawa. Shikamooni wazee. Someni yote, sina nilichoficha, kisha mpeni mume wangu.

Uliponioa nilikuwa nakaanga maandazi stendi. Kila nilicho nacho leo kilipitia kwanza kwenye karai lile. Siku inayoitwa ya mapumziko sikuijua. Kwetu Sigino tulitoka ibadani tukabadilisha nguo tukashika jembe, na mama alipika kabla na baada. Jumapili ya kwanza ya ndoa yetu niliamka alfajiri nikakuta jiko halipo. Ulikuwa umelisukuma chini ya kitanda. Nikakuuliza tutakula nini.

"Kiporo."

Bibi harusi wa wiki moja, analishwa kiporo. Nilidhani nimeolewa na bahili. Ulikata ugali wa jana kwa kisu kama mkate, ukanipa upande wenye ukoko, ukamwaga maharage ya baridi juu yake. Tulikaa kizingitini tukala kama wezi.

Unajua mimi kila kitu nakihesabu. Nikakuambia ile amri ya kupumzika nimeipitia neno kwa neno: ametajwa mtoto wa kiume, ametajwa wa kike, watumishi, mifugo, mpaka mgeni. Mke hayumo. Kwa hiyo nani anapika? Ulicheka mpaka maharage yakakupalia. Ulipopata pumzi ukasema, "Hakutajwa kwa sababu anayeambiwa 'wewe' pale ni wawili. Mmoja akiwa jikoni, hakuna aliyepumzika."

Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo. Hilo lako, fundi mashine mwenye grisi kwenye kucha, ndilo lililonishika.

Unakumbuka mzee wa kanisa alivyotutembelea na mkewe bila taarifa, akijua nyumba ya kwanza baada ya ibada haikosi kuku? Ukawawekea kiporo, na heshima zote, na maji ya kunawa. Mzee akaitazama sahani. "Baba Neema, Kwaresima si ilishaisha?" Ukamjibu, "Imeisha, mzee. Leo hata kuku anapumzika." Mkewe alinong'ona nami mlangoni wakati wa kuaga: "Mwanangu, mimi miaka yote ya ndoa nimepumzishwa na malaria tu." Alikuwa anacheka, lakini alinishika mkono muda mrefu.

Hata tulipopata mashine yetu ya kukamua alizeti, hukubadilika. Jumamosi jioni ulikuwa unavua mkanda kwenye mota, unaukunja, unakuja nao nyumbani na kuutundika juu ya kitanda chetu, ili hata mimi nisishawishike. Na nilishawishika. Wateja wa Sigino walikuwa wanagonga Jumapili asubuhi, magunia yakiwa yameshashushwa. Yule mrefu alikuambia, "Mungu alipumzika alipomaliza kazi yake. Wewe hujamaliza, yangu manne haya hapa." Ukamwambia, "Nikisubiri yako yaishe, nitapumzika kaburini. Kaa kivulini, kesho utakuwa wa kwanza."

Nilikupigia hesabu ya Jumapili zote za msimu, gunia kwa gunia, mafuta na mashudu. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Vizuri. Sasa toa siku utakazolazwa." Sikuwa na namba hiyo. Nikapanda kitandani, mkanda ukining'inia juu ya kichwa changu, nikalala usingizi ambao sijaupata tena.

Halafu akaja yule mwalimu wenu na mahema yake. Ukatoka huko ukisema siku moja kwa wiki ni maziwa ya watoto wachanga, kwamba pumziko la kweli ni kuacha matendo yako yote na kumwachia Mungu. Jumatatu ukakaa juu ya magunia ya mashudu. Jumanne vilevile. Mteja akija unamwambia, "Mwite Mama Neema." Nilidhani unaumwa.

"Siumwi. Nimeingia rahani."

"Na mimi niko wapi?"

Ukajiegemeza kwenye magunia. Nikakuambia mtu anayepumzika siku saba hapumziki, ameacha kazi. Ukasema naongea kama mfanyabiashara. Ndiyo, ndivyo nilivyo. Mfanyabiashara anajua kazi ikiachwa na mmoja haipungui. Inahamia kwa mwenzake. Ile "wewe" ya watu wawili uliyonifundisha kizingitini, uliichukua ukaenda nayo peke yako.

Mwezi uliopita dereva anayeleta mahindi kutoka Kiteto alinikuta nikifunga magunia. Akazungukazunguka, mara bei, mara barabara, kisha akasema, "Shemeji, nimemwona Baba Neema. Anachimba msingi wa nyumba ya mwalimu wao."

"Jumapili je?"

"Jumapili nilimkuta anachota maji. Ila amenenepa kidogo, shemeji, usiwe na wasiwasi."

Alitegemea nicheke au nilie. Nikamuuliza kashusha magunia mangapi.

Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi. Ulipoondoka nilifunga mashine Jumapili chache kwa mazoea, kisha nikafungua. Kengele ililia, nikaisikia kama redio ya jirani. Sikuogopa wala sikufurahi. Siku nikienda ibadani nakaa nyuma, na kwaya ikifika pale ulipokuwa unaingiza besi, nahesabu vioo vya dirisha. Mchungaji alisoma mwaliko ule wa waliolemewa na mizigo. Watu wawili mbele yangu walitokwa na machozi. Mimi nilibaki kutazama viatu vyao.

Linalonitia shaka ni hili: sichoki. Zamani Jumamosi jioni magoti yaliniambia wiki imekwisha. Sasa hayaniambii kitu. Naweza kuendelea mpaka mtu anizimie mashine, na akizima nabaki nimesimama hapohapo. Naamini Mungu alipumzika, na naamini aliibariki siku ile. Sigombani naye. Ila nimefikiri, na kwa akili yangu ya maandazi naona alipumzika akiwa na alivyoviumba, akavitazama. Hakuviacha vijitegemee akaenda mahali pengine kutulia.

Neema yuko mwisho wa mafundisho ya kipaimara. Walipofika kwenye amri ya kuitakasa siku ya Bwana alirudi akaniuliza, "Mama, sisi tunaitakasa?" Nikamjibu kwa ukali wangu kwamba baba yake anaitakasa kwa niaba yetu.

"Haiwezekani," akasema. "Hiyo ni sawa na kula kwa niaba ya mwenye njaa."

Ana ulimi wangu na utulivu wako, mtoto huyu. Jumamosi iliyopita, nilipokwenda kuoga, aliuvua mkanda wa mashine akauficha. Mpaka leo sijui aliuficha wapi. Jumatatu asubuhi niliukuta mahali pake. Jumapili hiyo wateja waligonga, akawatokea yeye mlangoni, "Shikamooni. Leo hatufungui. Ndiyo, hata kwako, Baba Esta." Kisha akaniletea sahani. Tukakaa. Alinitazama nikitafuna.

"Umechoka, Mama?"

"Sijui."

"Basi kaa mpaka ujue."

Nikakaa. Sitakudanganya kwamba kitu kilifunguka moyoni. Jua lilizunguka upande wa pili wa nyumba, tukahamisha mikeka tukalifuata. Jioni mgongo ulianza kuuma, kidogo, hapa chini kiunoni, na nikamwambia. Akasema, "Haya, imeanza." Hayo ndiyo maendeleo yote niliyo nayo ya kukupa. Ila nilimtazama akiwa amelala mkekani, mtoto aliyejifunza kupumzika kwako na sasa anamfundisha mama yake, na hasira ikanipita karibu kabisa, kama gari lisilosimama.

Basi nakuuliza. Kipaimara ni Jumapili ya wiki ijayo. Kila mtoto atapanda mbele na wazazi wake, mmoja kila upande. Neema ameniuliza asimame na nani, nami nimekataa kumjibu kwa kubahatisha, maana akishazoea upande mmoja mtupu hakuna maelezo yatakayoujaza tena. Sikuulizi kama utakuja kusalimia. Unarudi nyumbani kuishi nasi, kufanya kazi nasi na kupumzika nasi, au hurudi?

Dereva atakayeleta barua hii atapita tena kambini Alhamisi. Nimemwomba asubiri getini mpaka saa tisa alasiri. Usinitumie mstari wa Biblia, nao tunao hapa. Usiniambie unaombea jambo hili. Umeliombea mwaka mzima. Wazee wakikuombea muda wa kutafakari, waambie mkeo ameshautoa. Andika neno moja, ndiyo au hapana, uweke jina lako. Akirudi mikono mitupu nitasoma hapana, na kaka yangu atanunua suti asimame upande wako.

Alhamisi, saa tisa alasiri. Ndiyo au hapana?

Mkeo,
Mama Neema