Redio ya Baba na Trei za Mayai

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu kutoka jikoni. Baba anakula, analala na analalamika kwamba chumvi haitoshi, kwa hiyo ni mzima kabisa. Mimi nimejigonga vidole viwili kwa nyundo, na vidole hivyo ni sehemu ya habari ninayotaka kukupa.

Unanijua kwamba barua zangu huwa fupi. Ukiona nimejaza kurasa zote hizi, ujue kuna jambo. Lipo, na linakuhusu, ila niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho utaichana barua kabla hujanielewa.

Kazi yangu unaijua. Fundi saa hatumii macho peke yake. Nikishafunga kifuniko, naiweka saa sikioni nisikilize inavyotembea, na kama inachechemea naifungua upya. Sasa meza yangu iko sebuleni, imeegemea ukuta wa chumba cha Baba, na tangu ahamie kwetu ukuta ule haujawahi kunyamaza mchana. Redio inaanza na habari, inaingia matangazo ya sabuni, inakwenda kwenye mpira, inarudi kwenye habari zilezile. Naweka saa sikioni, nasikia bei ya mbolea. Mwenye duka la saa anayeniletea kazi alirudishiwa saa tatu na wateja, zote zimepita mikononi mwangu. Aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu, kwamba ikirudi ya nne atatafuta fundi mwingine.

Usidhani tulikaa kimya. Mara nne, mara tano kwa siku mmoja wetu alikwenda kumwomba Baba apunguze. Hakuwahi kukataa. Alikuwa anatukaribisha kitandani, anatuuliza habari za kazi, anashika saa niliyonayo mkononi na kuitazama, kisha anapunguza. Nusu saa baadaye inapanda tena. Nilianza kuamini ananifanyia makusudi, Mungu anisamehe.

Kuhusu masikio yake, nikukumbushe tu. Miaka arobaini ya kugonga mabati, kutengeneza ndoo na mifereji ya paa, haikumwachia mengi. Lakini nani atamwambia? Wifi yako alijaribu kumshauri akapimwe, Baba akanuna siku nne, na siku ya tano akasema kwamba siku hizi watu hawajui kuongea, wananong'ona tu.

Basi nikaamua kuziba chumba chake sauti isitoke. Nilimwita seremala wa mtaani kwetu, yule tunayemwita Msumari kwa jinsi alivyo mwembamba. Baba hakuweza kuambiwa ukweli, kwa hiyo tulimwambia tunamzibia kelele za majirani ili asikilize redio yake kwa raha. Dada, alifurahi mno. Alimwambia Msumari kwamba amezaa mtoto anayejali. Nilitazama dari.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba Baba ni fundi. Fundi mstaafu ukimletea fundi mwenzake nyumbani, kazi si yako tena. Msumari alitueleza vizuri kwamba sauti inazuiwa na kitu kizito, na inapenya kwenye kila mwanya. Alitaka tujenge ukuta wa pili wa mbao nzito, tuache nafasi katikati, nafasi ile tuijaze sponji, kisha tuweke mlango mzito wenye mpira pembeni. Vitu vyepesi, alisema, vinapunguza mwangwi tu, havizuii sauti kutoka. Baba alisikiliza, au niseme alitazama mdomo wa Msumari, halafu akatangaza kwamba yeye hanunui maneno. Kila kitu kitapimwa.

Akatengeneza kipimo chake. Alichukua sanduku la mbao, akaniomba saa yangu ya kengele, ile kubwa yenye kelele ya kumwamsha maiti. Saa inawekwa sandukuni, sanduku linafunikwa kwa kile kinachopimwa, na Baba anasimama hatua tatu nyuma, amefumba macho, ili atoe hukumu.

Tulianza na godoro la zamani. Saa ikalia, mimi na Msumari tukaisikia waziwazi. Baba akafumbua macho, akasema godoro ni kiboko, hakusikia chochote. Tukaweka zulia. Saa ikalia hadi mbwa wa jirani akajibu. Baba akasema zulia nalo ni kiboko. Tukaweka pazia, kisha trei ya mayai, navyo vikawa kiboko. Mwishowe Msumari, nadhani kwa uchokozi, alifunika sanduku kwa gazeti la jana. Baba alisikiliza kwa muda mrefu kuliko mara zote, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema hakujua kwamba magazeti yana kazi nzuri namna hii.

Msumari aliniangalia, nami nikamwangalia. Alipojaribu kusema kwamba yeye bado anaisikia kengele, Baba alimjibu kwamba maseremala wana masikio laini kwa sababu kazi yao ni laini. 

Kwa kuwa vyote vilikuwa viboko, Baba alichagua vinavyopigiliwa kwa urahisi, yaani trei za mayai. Wifi yako alizikusanya kwa mwoka keki, nyingine bado zina manyoya. Tulizipigilia ukuta mzima kuanzia chini hadi juu, na hapo ndipo nilipoviumiza vidole. Wifi yako alisimama mlangoni akasema kwamba sasa amekosekana kuku tu. Jambo moja Msumari alilishikilia ni mlango, na Baba aliukubali kwa sababu aliupenda. Ni mzito, una mpira pande zote, na ukifungwa unavuta pumzi kidogo.

Kisha, Dada, kukawa kimya.

Siamini mpaka leo jinsi kulivyokuwa kimya. Nilikuwa nasikia mishale ya sekunde ikitembea kwenye saa za wanawake, zile ndogo kama kifungo. Wiki ya kwanza nilimaliza kutengeneza saa kumi na moja, wiki ya pili kumi na nne, hakuna hata moja iliyorudi. Mwenye duka alikuja mwenyewe kunipa mkono. Nilimwita Msumari aje aone. Aligonga ukuta, akaingiza kidole kwenye trei, akakuna kichwa, akaondoka. Baadaye nikasikia kwamba ameanza kuwashauri wateja wake watumie trei za mayai, kinyume na yote aliyojifunza kwa mwalimu wake.

Baba alikuwa anatoka wakati wa kula, anakula, anarudi.  Mimi nikajiambia kwamba hatimaye mzee ametulia.

Juzi asubuhi nilihitaji saa yangu ya kengele, nikakumbuka iko chumbani kwake. Nikasukuma mlango. Baba alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, anautazama mlango. Redio ilikuwa juu ya kabati, imezimwa, imefunikwa kitambaa. Nikamuuliza kwa sauti kubwa kama imeharibika. Akasema ni nzima. Nikamuuliza tangu lini haijafunguliwa. Akasema tangu siku Msumari alipouweka mlango.

Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini, ilhali anapenda redio kuliko chakula. Akanijibu taratibu, bila hasira, kwamba redio yenyewe haisikii, ana mwaka wa pili sasa haisikii. Alikuwa anaiongeza tu mpaka mmoja wetu aje kumwambia apunguze. Tukija, anajua kwamba inasema, na sisi tupo. Baada ya mlango kuwekwa alingoja, hakuja mtu, akaona hakuna haja ya kumaliza betri.

Nililia, Dada, sikufichi. Alinipa kile kitambaa cha redio nijifute.

Halafu alitaka kujua kama trei zinafanya kazi au hazifanyi, maana ufundi haumtoki. Tukaiwasha redio mpaka mwisho, nikafunga mlango, nikakimbilia mezani kwangu. Mtangazaji alikuwa kama amekaa kwenye kiti changu. Trei zile hazizuii hata kikohozi. Wifi yako alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha. Kumwambia Msumari itabidi, ila sijapata ujasiri.

Sasa nifike pale nilipokuwa napakwepa. Ile barua yangu ya mwezi jana, niliyokuandikia kwamba Baba amekukumbuka sana na anaomba aje kukaa kwako moja kwa moja, Baba hakusema hivyo. Hajui hata kama niliiandika. Niliitunga mimi, mezani hapa, redio ikiwa inanguruma, nikiwa nimechoka. Trei zilikuwa za kunivusha mpaka umalize kumwandalia nafasi. Najua umeshapaka rangi chumba, na shemeji amehamishia vitu vyake barazani. Nimekudanganya wewe, na nilikuwa namfukuza mzee aliyekuwa akiniita. Nisamehe. Uje mwisho wa mwezi kama ulivyopanga, lakini uje kututembelea, usije kumchukua. Ukitaka kunigombeza, nigombeze chumbani kwake, apate kuona midomo ikicheza.

Amekubali kupimwa masikio. Sharti lake ni kwamba na mimi nipimwe, kwa sababu anasema mtu aliyekaa wiki mbili pembeni ya redio iliyozimwa asijue, huyo ndiye mgonjwa. 

Na tumepatana hivi: asubuhi mpaka saa nne ni zamu ya saa zangu, redio hainyanyui mdomo. Mlango mzito tumeuegemezea pasi ya zamani, haufungwi tena. Ikifika saa nne anafungulia redio kwa nguvu zake zote, nami naacha kila kitu nakwenda kumwomba apunguze. Ananikaribisha kitandani, tunakunywa chai, anashika saa niliyonayo. Ila siku hizi anakataa mara ya kwanza, ili nisiondoke haraka.

Wasalimie wote kwako, kila mtu kwa nafasi yake. Nilitaka kukueleza na habari za paa linalovuja, lakini kalamu naiweka hapa. Bei ya mbolea imeanza kusomwa, ukuta unatetemeka, na Baba ananingoja nikamwambie apunguze.

Ni mimi mdogo wako,
fundi saa