Mikarafuu ya Zuhura au Dawati la Mbele

Jumatatu, jioni. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo. Toka asubuhi milima haionekani, wingu limeshuka mpaka karibu na mapaa ya nyumba za Boma. Nguo nilizofua jana nimezianika sebuleni na bado zina unyevu. Mimi mwenyewe niko hivyo hivyo kichwani, sijakauka.

Ijumaa ndiyo mwisho.

Ile shule ya kulipia, yenye basi la njano, inataka malipo ya kwanza ifikapo Ijumaa, la sivyo nafasi ya Zuhura anapewa mtoto mwingine. Zuhura ni binti yangu, sina mwingine, na Januari anaanza darasa la kwanza. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya serikali hapa hapa mjini. Kwa hiyo asipoenda kwenye basi la njano, mwalimu wake atakuwa mimi.

Wenzangu ofisini wangejua ninachokiwaza wangenicheka mpaka chai iwapalie. Mimi ndiye yule ambaye kwenye vikao vya wazazi husimama na kuwaambia msikimbilie majengo ya kupendeza, walimu wenye ujuzi tupo huku. Huwa nasema kwa sauti kubwa kweli kweli. Na ninaamini, au niliamini mpaka nilipokwenda kuiona hiyo shule kwa macho yangu.

Nilikwenda nimejipanga kuikosoa. Walinipokea vizuri, wakanitembeza, watoto wakasimama wote kwa pamoja wakaniamkia kwa Kiingereza, na mimi nikajisemea, kasuku hawa. Lakini macho yangu hayakuwa kwa watoto, yalikuwa kwenye madawati. Kila mtoto alikuwa na lake. Mwalimu alipita katikati yao bila kuruka miguu ya mtu, akainama, akaangalia daftari la mmoja, akalirudisha, akaenda kwa mwingine. Alikuwa binti mdogo tu, pengine hata hajanizidi kwa lolote. Nilimwonea wivu.

Kwangu watoto hukaa wanne mpaka watano dawati moja, na wanaobaki hukaa chini. Nawapenda wote. Lakini wa mbele ndio ninaowajua kwa majina kufikia Machi, na wa nyuma nawajua kufikia mitihani.

Hilo sijawahi kuliandika popote.

Baba Zuhura yeye hana wasiwasi. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga kule Dakawa, hurudi nyumbani mwisho wa wiki akiwa na pumba mpaka kwenye nyusi, na kwake jambo ni jepesi. Mtoto apelekwe. Kipato chake na changu havifiki huko, lakini ana jibu la hilo pia: "Si una miti Kinole? Miti ipo tu, mtoto anakua."

Miti hiyo ni mikarafuu ya marehemu mama. Kuna mfanyabiashara anayeitaka. Namkodishia misimu kadhaa, avune mwenyewe, mimi anipe hela yote kwa mkupuo. Watu wengi Kinole wamefanya hivyo, na wengi wamekuja kujuta, kwa sababu aliyekodishiwa hana huruma na mti usio wake. Vijana wake huvuta matawi mpaka yanavunjika ili wamalize haraka, na wakiondoka hukuachia vigogo.

Na kuna jingine ambalo mume wangu, Mnyaturu wa Singida, hajalizoea mpaka leo. Kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Lile shamba lilikuwa la bibi, likaja kwa mama, likaja kwangu, na baada yangu ni la Zuhura. Hakuna wa kuligusa bila Mjomba Kibwana, kaka yake mama, kukubali. Kwa hiyo ukiliangalia vizuri, nataka kumlipia mtoto ada kwa mali ya huyo huyo mtoto. Baba Zuhura anasema hapo tatizo liko wapi sasa. Ananikera, na pengine anasema kweli.

Jumamosi ya kabla ya hii iliyopita nilipanda Kinole kuzungumza na Mjomba. Nilikwenda peke yangu, Zuhura nilimwacha twisheni ya Kiingereza, anajiandaa kwa usaili. Barabara ilikuwa tope tupu, bodaboda ilinishusha mara kadhaa nikatembea. Nikafika, nikatoa shikamoo yangu, nikakaribishwa, nikaletewa ndizi na chai ya mdalasini. Nikaeleza yote kwa mpangilio, kama nafundisha. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mlangoni nyuma yangu.

"Dada yuko wapi?"

Dada ni Zuhura. Amebeba jina la mama yangu, na Mjomba tangu siku ile ya kumpa jina humwita dada, na humaanisha. Nikamwambia nimemwacha mjini, anasoma.

"Basi leo umekuja kunisalimia," akasema. "Nimefurahi, mwanangu. Habari za shamba tutaongea mwenyewe akiwepo."

Nikafikiri ananitania. Hakuwa ananitania. Alianza kuniuliza bei ya sukari mjini, na kila nilipolirudisha shamba, alilisogeza pembeni kwa adabu. Safari hiyo nikashuka mikono mitupu, isipokuwa mkungu wa ndizi nisiouomba. Njia nzima nilikuwa nimenuna. Mtoto wa miaka sita! Mimi ndiye ninayewafundisha wa miaka sita. Wanabadilishana kiatu kwa pipi.

Lakini kosa lilikuwa langu na nililijua. Nimezaliwa kule. Shamba la mtu halijadiliwi mwenyewe hayupo, hata kama mwenyewe bado anang'oka meno.

Juzi Jumamosi nikapanda tena, safari hii na Zuhura. Mjomba hakugusia shule hata kidogo. Alimshika mkono wakaingia shambani, mimi nyuma yao nikiteleza na viatu vyangu vya mjini. Alimwonyesha mti ambao bibi yake aliupanda akiwa msichana, na ule ulioinama kwa upepo ukagoma kufa. Alimwonyesha jinsi ya kuinamisha tawi taratibu kwa ndoano na kuchuma kishada bila tawi kulia. Alimpa jani atafune. Zuhura akatema, akalalamika ulimi unawaka, halafu akaomba jingine.

Aliuliza upi ni wake. Akaambiwa yote. Alitafakari kidogo, akanigawia mmoja, ule ulioinama.

Hapo ndipo Mjomba alipochuchumaa mbele yake. "Dada, mama yako anataka kuikodisha hii miti, usome shule yenye basi. Unasemaje?"

"Basi la njano?"

"Ndilo."

"Nataka."

Nikashusha pumzi. Zuhura akanigeukia. "Na mama anapanda?"

Nikamwambia mimi sipandi, mimi nina shule yangu.

"Aa, basi nitasoma kwa mama," akasema, akaondoka kufukuza kuku.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimwuliza, haya, Mjomba, na wewe unasemaje? Nilitaka aseme hapana. Naliandika hapa ili nisije nikalikana baadaye: nilipanda mlima mara mbili kumtafuta mtu wa kunikatalia, nishuke niseme wazee wamekataa, yaishe. Hakunipa nafasi hiyo.

"Mimi sikatai," alisema. "Ukitaka, kodisha. Ila akikua akaja hapa akakuta vigogo, atakuuliza wewe. Na mimi siku hiyo sitakuwepo kukusaidia kujibu."

Nimerudi mjini nimechanganyikiwa kuliko nilivyopanda. Jana nzima nilikuwa upande mmoja nikiwa jikoni, na upande wa pili nikifika bafuni. Nikimwangalia Zuhura akisoma vibao vya maduka kwa sauti, najiambia mtoto kama huyu atasoma popote. Nikikumbuka sakafu ya darasa langu wakati wa mvua, najiambia kodisha, kesho asubuhi, usimwulize mtu.

Halafu leo.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuandikisha watoto wa mwakani. Alikuja Mama Mwajuma, yule anayeuza vitumbua pale getini kwetu. Namjua, huniongezea kimoja kila siku na hakubali nikilipie. Alikuwa na binti yake, Mwajuma, mdogo mdogo, anayesogeza kila kitu puani ndipo akione. Tulipomaliza kuandikisha, mama yake akanisogelea.

"Mwalimu, nakuomba kitu kimoja tu. Huyu macho yake hayafiki mbali. Umkalishe mbele."

Nikasema, usijali mama, mbele kabisa, mimi mwenyewe nitamweka. Akanishukuru mpaka nikaona aibu. Kisha, akiwa anafunga kanga yake vizuri aondoke, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Na wako si anaanza mwakani? Watakuwa marafiki hawa."

Nikasema, tunaangalia.

Tunaangalia! Hivyo ndivyo wanavyojibu wazazi wanaowahamisha watoto, na mimi huwajua papo hapo. Sijui kama Mama Mwajuma naye alinijua. Alitabasamu tu, akaenda na mvua yake.

Nilibaki darasani baada ya watoto kutoka. Nikatazama lile dawati la mbele, la dirishani, linalopata mwanga hata siku za wingu. Hapo ndipo nilipomkalisha Zuhura kichwani mwangu toka Jumamosi, toka aliposema atasoma kwa mama. Nilikuwa nimeshapanga bila kujua kwamba napanga. Hapo atakaa, daftari lake nitaliona, jina lake sitalisahau. Na hapo hapo leo nimemweka Mwajuma. Wazazi waliokuja kabla yake, nao niliwaambia mbele. Sikumbuki hata mmoja niliyemwambia nyuma.

Ndipo nikaelewa ninachotaka kukinunua kwa mikarafuu ya mama. Kiingereza kinanisumbua kidogo tu, na basi la njano si kitu. Nataka Zuhura asikae nyuma. Na kama atakuja kwangu hatakaa nyuma, hilo nina uhakika nalo, kwa sababu mwenye kupanga ni mimi.

Hicho ndicho kinachonitisha.

Sasa hivi ninapoandika, Zuhura yuko sakafuni kati ya nguo zilizoanikwa, anacheza shule. Amekusanya viatu vyote vya nyumba hii akavipanga mistari. Ana kijiti, ana sauti yangu kabisa, hata ile ya kusema "nyinyi wa nyuma huko". Viatu vyake viko mstari wa kwanza. Vyangu vya kazini viko pembeni yake. Kandambili za baba yake amezisukumia ukutani, chini ya kiti, moja imelala ubavu.

Nimemwuliza kwa nini amewaweka wale kule, hawaoni ubao.

"Mbele pamejaa, mama," amenijibu bila kugeuka, na kuendelea kufundisha.

Nimeinama nikaichukua ile moja iliyolala ubavu. Nimeishika mkononi muda sasa, natafuta pa kuiweka. Ijumaa ikipita sijalipa, nimwondoe nani pale mbele?