Hatua Kumi na Tisa Hadi kwa Elena

Jumatatu, 13 Aprili 1964

Hatua kumi na tisa. Jana zilikuwa ishirini. Nimepima kutoka ukingo wa maji hadi jiwe jeupe, mara mbili, ili nisijidanganye. Kisha chai bila sukari. Kisha nimenoa randa, ingawa sina ubao wa kuranda.

Wazee wa hapa Bangwe wanasema hawajapata kuona ziwa likipanda hivi. Mchanga wa kuanikia dagaa umo ndani ya maji. Nyumba yangu ya zamani imo pia. Mwezi uliopita nilihamishia milango na kitanda huku juu. Nyumba hainiumizi. Nimehama sana.

Chini ya jiwe jeupe amelala Elena, binti yangu. Alikuwa na miaka minne. Tulivuka naye kutoka ng'ambo ya ziwa mwaka ambao askari walichoma kijiji chetu, na kaka zangu wawili wakabaki ndani ya moto. Yeye alivuka salama. Akafa hapa kwa homa, kabla hatujamaliza kuezeka. Mama yake alirudi ng'ambo kuwatafuta wazazi wake. Hakuonekana tena. Miaka thelathini na minane sasa. Hili ndilo kaburi pekee nililo nalo duniani.

Jumatano, 15 Aprili

Hatua kumi na saba.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Sudi, fundi wa mitumbwi, amekuja kabla sijanawa uso. Anataka tumhamishe mtoto. Watu kumi, asubuhi moja, kazi imekwisha. Siku hizi kila kitu ni kujitolea. Nimekataa. Sikumwambia sababu. Naiandika hapa.

Nilifundisha dini miaka ishirini na minane. Swali la kwanza: Mungu ni nani? Watoto walijibu kwa sauti moja: ni mwenye uwezo wote, tena mwenye upendo wote. Niligonga meza kwa rula ili wasipoteze mapigo. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nusu mbili za jibu lile zinapigana ndani yangu tangu usiku wa moto. Kama aliweza kuuzima, kwa nini hakupenda? Kama alipenda, nani alimzuia?

Sasa nataka kujua, kabla sijafa. Simwombi anirudishie walioungua. Namwomba hatua chache za mchanga. Nimemwambia leo, kwa sauti, nimesimama. Asimamishe maji kabla ya jiwe. Sitachimba. Nitapima.

Jumapili, 19 Aprili

Hatua kumi na nne. Sikuingia kanisani. Nimesimama nje, chini ya dirisha, kofia kichwani. Mara ya kwanza maishani.

Padri kijana alinifuata baada ya misa. Amesema mapenzi ya Mungu hayachunguziki. Najua. Maneno hayo nimeyasema mimi mwenyewe kwa akina mama wengi, mbele ya vijeneza vidogo nilivyovitengeneza kwa mikono yangu. Yalikuwa yakinisaidia mimi kuondoka mapema.

Jumanne, 21 Aprili

Hatua kumi na nne! Siku mbili maji hayajasogea. Sikumwambia mtu. Nimepika samaki, mgebuka, kwa mawese, nikala wote.

Alhamisi, 23 Aprili

Hatua kumi na moja.

Jumatatu, 27 Aprili

Hatua nane. Kwa Balozi wamejaa kwenye redio. Nchi yetu na Unguja zimeungana jana. Watu wamepiga vigelegele. Nimefurahi pia, kwa adabu. Nikarudi kupima.

Jirani yangu Bi Mwajuma alinikuta pale majini. Ni mjane wa Kimanyema, anauza samaki, anafunga na kuswali bila kuchoka. Ananitania tangu tulipokuwa na meno yote.

"Shikamoo, Bwana Mpimaji. Serikali inakulipa?"

"Marahaba. Bado wananitafutia cheo."

Hakucheka. Alilitazama jiwe, akanitazama mimi.

"Mzee Yohana, wewe unamlinda mtoto, au unamvizia Mungu?"

Nilimpa kisogo. Nimekasirika mpaka sasa. Nimekasirika kwa sababu nilimficha Sudi ukweli na mwanamke huyu ameuona.

Jumatano, 29 Aprili

Hatua sita.

Jambo la ajabu. Bi Mwajuma alikuwa akipasua samaki kwenye mawe akaniita. Alikuwa ameshika samaki mdogo wa mawe, jike, aliyevuliwa punde. Samaki hawa huwalea watoto wao kinywani. Mama hali chakula siku zote hizo, akihofia kumeza mtoto. Hilo nalijua tangu utoto. Alimbinya shavu, watoto wakamwagika ndani ya karai. Kumi na wawili, wazima, wa rangi ya majani. Na wa kumi na tatu.

Wa kumi na tatu hakufanana nao. Mrefu kidogo, mweusi, ana sharubu kama za kambale.

"Huyu mwizi," alisema. "Marehemu mama alinionyesha mara moja. Mwenye sharubu mkubwa hupenyeza mayai yake kwenye mayai ya huyu mama. Mama anayaokota yote kwa kinywa."

"Na halafu?"

"Halafu mtazame mwenyewe. Si wewe mpimaji?"

Nimelichukua karai. Nimebadilisha maji. Mama alikwisha kufa, lakini watoto wanaogelea.

Alhamisi, 30 Aprili

Hatua tano na nusu. Watoto wanane. Mwenye sharubu yupo.

Nilimwona akimla mwenzake. Anaanzia mkiani. Hana haraka.

Ijumaa, 1 Mei

Hatua nne. Watoto watatu.

Baada ya sala ya Ijumaa Balozi amekuja na watu tisa, majembe begani, wakiwamo Wakristo wawili wa mtaa wa Rusimbi. Wakasimama mbele ya nyumba kama watu waliokuja msibani. Sudi alinisihi. Udongo ukishalowa chini, alisema, shimo halitasimama, litabomoka juu ya wachimbaji. Nimewaambia warudi. Kijana mmoja aliuliza kwa nini. Nilimfokea, mimi ambaye sifoki. Waliondoka na majembe yao. Sudi alinyoosha mkono kuniaga, sikuupokea.

Nimefanya ubaya leo. Naandika ili nisije kukana.

Jumamosi, 2 Mei

Hatua tatu. Karai lina samaki mmoja, mwenye sharubu.

Nimekaa nalo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maisha yangu yote nimesema uovu ni kazi ya watu. Askari waliochagua kuwasha. Watu wana hiari, na hiari ina bei yake, na Mungu anaiheshimu. Nilifundisha hivyo na ilinifaa kiasi. Lakini hapa ndani ya karai hakuna askari. Hakuna aliyechagua. Mama alifungua kinywa kwa upendo, na ndani ya upendo huohuo walitafunwa wanawe, gizani, akiwa na njaa kwa ajili yao. Tangu lini? Labda tangu ziwa lilipokuwa ziwa. Nani alibuni hili?

Nikataka kumkanyaga. Nikamweka kiganjani. Jua likampiga. Mwili wake umeanza kutoa madoa meusi juu ya fedha, yamepangwa kwa utaratibu, kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye muda mwingi. Mapezi yana ukingo mweupe, mwembamba kuliko uzi. Sijapata kutengeneza kitu kizuri hivi, na nimekuwa seremala miaka hamsini.

Nilishindwa kumwua. Nilishindwa pia kumsamehe. Nimemrudisha ziwani, nikabaki mkono umelowa. Niliogopa. Si kuogopa kama mbele ya moto. Kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake, akakuta ndani yake mbuga isiyo na mwisho.

Jumapili, 3 Mei

Hatua moja na nusu. Mvua. Sikwenda popote.

Usingizi hakuna. Swali la Bi Mwajuma haliondoki. Nimelijibu hatimaye. Nilikuwa namvizia. Nilimtega Mungu, na chambo ni Elena. Miaka minne aliishi, thelathini na minane nimemwomboleza, na mwisho nikamweka njiani mwa maji ili nishinde hoja.

Na bado hoja ni ya kweli. Haijajibiwa. Lakini mtoto si wa kujibia hoja.

Jumatatu, 4 Mei

Maji yamefika jiweni.

Alfajiri nimegonga kwa Sudi. Nilitaka kuomba radhi kwanza, maneno yakakwama. Alinitazama viatuni, nilikuwa nimevaa kimoja. Akamwambia mkewe, "Nipe jembe." Basi. Ndani ya muda wa kuchemsha chai walikuwa watu kumi na mmoja. Yule kijana niliyemfokea alikuwa wa kwanza.

Wanawake wa Kiislamu hawaendi makaburini. Bi Mwajuma alikuja na ndoo mbili. Shemeji yake akaguna. "Haya si maziko," Bi Mwajuma alimjibu, "haya ni kuteka maji. Umewahi kumkataza mwanamke kuteka maji?" Akaingia mpaka magotini.

Sudi alisema kweli: udongo haukusimama. Walichimba, ukarudi. Wakapanga milango yangu ya zamani ubavuni mwa shimo kuuzuia, ile niliyoipasua mbao zake mwenyewe. Watu waliteka, wakachimba, wakateka. Mvua haikukoma. Nilisimama pembeni, mzee asiye na kazi, nikitazama migongo kumi na mmoja ikiinama kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua.

Hakukuwa na mifupa. Miaka mingi, mtoto mdogo, ardhi yenye unyevu. Sudi alishuka mwenyewe, akapapasa kwa vidole. Aliinua udongo mweusi zaidi kuliko mwingine. Ndani yake mlikuwa na shanga za bluu. Uzi umeoza. Shanga kumi na saba, bila hata moja kufifia. Mama yake Elena alimvisha kiunoni kabla hatujavuka.

Sudi alivua shuka lake begani, akalitandaza, akaweka udongo ule kwa viganja, taratibu, kama anayemlaza mtoto aliye usingizini. Watu wakaweka majembe chini. Hata ndoo zilinyamaza.

Tumemzika juu, kando ya shamba la muhogo la Bi Mwajuma. Yeye ndiye aliyetoa mahali. Sudi aliomba dua kwa desturi yao. Wa Rusimbi waliimba. Nikaambiwa niseme neno, mimi mwalimu. Nilifungua kinywa niseme, Mwenye uwezo wote. Halikutoka. Nikajaribu nusu ya pili. Nilizitazama nyuso, matope mpaka kwenye kope. Nusu ya pili nayo haikutoka, lakini kwa sababu nyingine. Nilihofia kulia.

Nikataja jina lake tu. Elena. Wakaitikia amina, Waislamu na Wakristo, kana kwamba nimesali.

Jumanne, 12 Mei

Homa ya wiki nzima, kwa sababu ya kulowa. Uji wa Bi Mwajuma asubuhi na jioni. Jana Sudi alikuja. Nilimwomba radhi vizuri, kwa maneno kamili. Alisema anadai milango yake, kwa kuwa mimi nimeizika na yeye alikuwa akiitamani. Tulicheka mpaka nikakohoa.

Jumapili, 17 Mei

Pentekoste. Nimekwenda kanisani, nimekaa nyuma. Swali la kwanza waliulizwa watoto wapya, na jibu lilelile. Sikulikataa. Sikuliitikia. Nimelisikiliza, kama unavyosikiliza jina la mtu uliyedhani unamjua.

Mvua imekatika. Nikashuka ziwani nikipima kwa mazoea. Maji yamepita jiwe kwa hatua mbili, na hapo yamesimama. Sudi anasema ni siku ya tano. Yangesimama hatua mbili nyuma, lingekuwa jibu langu. Yamesimama mbele kidogo tu, na hilo si jibu la mtu yeyote. Ziwa limesimama linapotaka.

Niliingia mpaka penye jiwe. Maji yametulia, mtu anahesabu changarawe. Juu ya jiwe palikuwa na samaki jike, wa aina ile, na wingu la watoto mbele ya uso wake. Kivuli changu kiliwaangukia. Alifungua kinywa. Wote wakaingia kwa mkupuo mmoja.

Niliinama nione kama yumo mwenye sharubu. Sikuweza kuona. Alifunga kinywa akabaki palepale, mwembamba, ubavu umebonyea kwa njaa, akinitazama.

Nilivua kofia. Nikakaa hivyo mpaka miguu ikapata baridi.