Debe la Mjomba na Sharubati ya Machungwa

Bwana Mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, nimechoka na sina wa kumwambia. Mimi ni mwanamke wa Kinole, nauza sharubati ya machungwa kwenye gulio la Mkuyuni, na michungwa nimepewa na Mjomba Stefano, kaka wa mama yangu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye anayegawa ardhi ya ukoo na ndiye anayeweza kuichukua, basi mwezi uliopita akaniletea debe kutoka shamba la mkonge alikokuwa kibarua, akasema hili halivuji, achana na mitungi ya bibi yako, nami nikalipokea ingawa niliona ubavuni mabaki ya picha ya fuvu, tukalisugua kwa mchanga na majivu hata likang'aa, na tangu hapo nakamua jioni, sharubati inalala humo, asubuhi nabeba. Gulio la kwanza watu wawili walitapika, la pili Mzee Salum, mshona viatu, akaanguka ameshika tumbo, na mpaka leo amelazwa Morogoro. Mjomba anasema, "Hiyo ni kazi ya Asia, anakuonea kijicho kwa wateja," na Asia ni muuza ndizi anayekaa karibu nami, sasa watu wanamkwepa. Nasikia Dar es Salaam kuna maabara ya kupima sumu, lakini karani mmoja amenitajia bei inayomeza mauzo yangu ya miezi mitatu, na nikipima Mjomba atasema namwita mchawi, atanyang'anya michungwa, nami nina watoto wanne. Je, hakuna kipimo cha bei nafuu, kisicho na kelele?

Veronika, Kinole

Veronika,

Marahaba, na pole. Lakini uliliona fuvu ukanyamaza, na sasa daktari anamtibu Salum bila kujua alikunywa nini. Nenda hospitali umweleze: sharubati, debe la shamba la mkonge, picha ya fuvu. Hilo halina bei.

Bei uliyotajiwa ni ya mfanyabiashara anayepeleka bidhaa yake mwenyewe. Palipo na mgonjwa, mwone Bwana Afya. Kuchukua sampuli ni kazi yake, na chupa za sampuli zitasafiri kwa treni hadi maabara ya Dar es Salaam bila wewe kulipa. Debe usilioshe tena. Mbele yake kamua machungwa, nusu ilale kwenye debe, nusu kwenye mtungi wa bibi, kila moja na chupa yake, wala mtu asionje. Sumu ikionekana upande wa debe tu, Asia amesafika, na michungwa yako pia.

Kipimo kisicho na kelele hakipo. Watu watatu wameugua mbele ya gulio zima.

Kwa Mjomba usiende peke yako. Nenda na mama yako, maana Mjomba hawezi kumfukuza dada yake mlangoni. Aseme mama: "Kaka, tunapeleka debe kupimwa, hatukupeleki wewe." Huenda akakasirika, huenda akachukua michungwa, sitakudanganya. Hata hivyo, kuuza tena kutoka debe lile ni kuua ukijua.

Gazeti hili hutoka Jumamosi, siku ya gulio lenu. Kwa hiyo nimeinakili barua hii na kumpa dereva wa basi la Mkuyuni leo Jumatano. Ikikufikia, anza na daktari.