Mtu wa Benki Amenipigia

Mtaa wa Sokoni,
Koboko.
12 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Siraji,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Kampala, na kile kikohozi kimekuacha? Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua mvua ikinyesha. Mimi nashona tu. Wateja wapo, wa kulipa ndio wachache.

Simu yako imezimwa tangu Alhamisi, ndiyo maana nampa jirani yetu Poni, anayekuja huko, barua hii akukabidhi mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Alhamisi hiyo mtu wa benki alinipigia kuhusu deni lako nikiwa kwenye cherehani. Kumbe ulipochukua kadi ya mkopo uliandika namba yangu! Akaniuliza, "Mama, Siraji iko ndugu yako?" Wateja wote wananitazama. Nikajibu, "Mimi hapana jua huyo mtu," nikakata simu. Siraji, nilimkana mtoto wa mama yangu.

Nikakumbuka Idd. Godoro la mama, mbuzi wawili, vitenge kwa mashangazi wote hadi wa kule Awindiri. Tulidhani ni mshahara, tukakupigia vigelegele. Ulikopa ili tukusifu, nasi tukala bila kuuliza. Nimekukasirikia wewe, na mimi mwenyewe pia.

Sasa Jumamosi ukoo unakaa kikao cha kuchangia mahari ya ndugu yetu Hakim. Baba mdogo Abiriga ameshakuandika daftarini fahali mmoja, eti "Siraji iko na kadi." Nakujua, utaona haya kukataa, utakimbilia mashine ya benki. Usithubutu! Ritah, mweka hazina wa chama chetu cha akiba, amenieleza kwamba pesa ukiitoa hivyo riba inaanza siku hiyo hiyo, na ukilipa kile kiasi kidogo tu wanachokidai kila mwezi utazeeka na deni.

Kadi mpe Poni arudi nayo, nitaifungia kwenye droo ya cherehani. Kikaoni nitasimama mimi na kusema Siraji atatoa mbuzi mmoja tu. Wazee wakinuna, wanune.

Yule mtu wa benki ametuma ujumbe kuwa atapiga tena Ijumaa. Mpigie wewe kabla, umwambie utalipa kiasi gani na lini.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Hakim na shangazi Zuhurah pia. Mungu akupe riziki ya halali na usingizi mzuri.

Ijumaa akiniuliza, nitamjibu ndiyo, huyo ni ndugu yangu.

Dada yako akupendaye,
Kaltumu